Uani, Barazani na Soko la Ajira

Wachumi wa kazi wana njia wanayoipenda ya kupima mapendeleo. Humwekea mtu mbele kazi mbili za kubuni, moja yenye mshahara mnono na nyingine yenye saa zinazonyumbulika, kisha humwuliza angeshika ipi. Matthew Wiswall na Basit Zafar waliwauliza hivyo wanafunzi wa chuo kikuu jijini New York. Katika makala yao ya 2018 walionyesha kuwa wasichana walikuwa tayari kusamehe fungu kubwa zaidi la mshahara ili wapate kazi ya uhakika yenye saa zinazonyumbulika, ilhali wavulana walivutwa zaidi na mapato yanayopanda. Sina ugomvi na hesabu zao. Ugomvi wangu ni na maelezo yanayoambatanishwa na matokeo ya namna hii yakishafika mezani kwa watunga sera: kwamba mwanamke ana moyo wa kazi ndogo ya karibu, na mwanamume ana moyo wa kutoka. Nadai kwamba sehemu ya jibu huwa imekwisha kuchorwa kwenye ramani ya nyumba kabla anayeulizwa hajafungua kinywa.

Tuitazame nyumba ya Kiswahili ya Ilala au Magomeni, Dar es Salaam. Mbele kuna baraza. Katikati ukumbi mrefu, vyumba huku na huku, mara nyingi vitatu kwa vitatu, na kila chumba huenda kina mpangaji wake. Nyuma ni uani: jiko, bafu, choo, kamba ya nguo. Hapo ndipo unga wa vitumbua unapoumuliwa usiku na kukaangwa alfajiri. Mtoto amelala chumbani, hatua chache tu. Jirani anatupia jicho sufuria ya maharage mwenzake akienda kuteka maji. Kodi ya fremu haipo, nauli haipo, na mlezi halipwi kwa kuwa ulezi umegawanywa kimyakimya baina ya wapangaji. Mwambie mwanamke huyu kuna kibarua kiwandani chenye malipo yanayozidi kidogo faida yake. Akikataa, tumepima tabia yake au tumepima thamani ya ua?

Baraza nalo lina kazi ambayo madodoso hayaigusi. Wanaume wanaokaa pale jioni hawachezi bao tu. Hupashana nani anatafuta fundi, lori gani linahitaji wapakiaji, nani anaweza kumdhamini kijana wa fulani. Kwa hiyo mpango uleule wa nyumba unaompa mwanamke mahali pa kuzalisha humweka mbali na habari za ajira. Mtu hawezi kupendelea kazi ambayo hajasikia kwamba ipo.

Lamu inatupa ushahidi mzito zaidi. Linda Donley-Reid, aliyezichunguza nyumba za mawe za pwani, alionyesha jinsi zilivyowapanga watu kwa daraja: kutoka daka mlangoni, kupita kiwanda, yaani ua wa katikati ulio wazi juu, hadi misana, yaani kumbi ndefu, na hatimaye ndani, chumba cha mwisho kabisa. Wikio, yaani daraja lililovuka juu ya kichochoro, lilimwezesha bibi wa nyumba kwenda kwa jamaa bila kukanyaga njia. Lakini mjakazi wa nyumba hiyohiyo alitumwa kisimani na shambani. Wote wawili walikuwa wanawake, na walilala chini ya dari moja. Aliyetoka na aliyebaki hawakutenganishwa na maumbile. Walitenganishwa na cheo, na nyumba ikakitekeleza cheo hicho.

Kuna pingamizi lisilopuuzika. Kilimo cha mwani cha biashara kilipoanza Unguja mwaka 1989, wanawake wa vijiji kama Paje na Jambiani walikiitikia kwa wingi, wakasimama juani na maji yakiwafika magotini. Basi ukuta haukuwazuia? Haukuwazuia, na wala pwani haikuwa ngeni kwao. Kuokota chaza na kufukia makumbi ni kazi zao za tangu zamani. Ila mwani huhudumiwa maji yakipwa, hasa siku za bamvua, kwa saa chache, na shamba liko karibu na kijiji. Mfano huu unanilazimisha kuirekebisha hoja: linalopendelewa si paa, ni uwezekano wa kuunganisha kazi mbili katika siku moja. Ua ni njia mojawapo ya kuupata, na mjini pengine ndiyo pekee.

Pingamizi la pili ni hili: wachumi Armin Falk na Johannes Hermle walipolinganisha watu 80,000 wa nchi 76, waligundua kuwa tofauti za kijinsia katika subira, ujasiri wa kubahatisha na ukarimu ni kubwa zaidi kwenye nchi tajiri zenye usawa zaidi. Wapo wanaosoma humo kwamba uhuru huidhihirisha asili. Huenda, kwa tabia hizo. Lakini hawakupima uchaguzi wa kazi, na utajiri haukuifuta nyumba ya familia moja yenye jiko lake peke yake, ambayo mwanahistoria wa miji Dolores Hayden aliishutumu huko Marekani mwaka 1980.

Mwaka 2022 majengo ya ghorofa ya Magomeni Kota yalizinduliwa kwa ajili ya kaya 644 zilizoishi hapo awali. Mkaa na karai la mafuta havipandi ghorofani kirahisi, na ukumbi wa ngazi hauwezi kuwa ua. Hapa kuna nafasi ya utafiti ambayo maabara haiwezi kuitengeneza: watu ni walewale, mtaa ni uleule, nyumba ndiyo iliyobadilika. Watakaokwenda kuwahoji wasianze na kama wameridhika. Waulize nani aliacha biashara gani, anaishi ghorofa ya ngapi, na mtoto anaachwa kwa nani.