Omtatah: mahakama ilivyolifunika jukwaa

Mwaka 1991 Amos Wako aliteuliwa Mwanasheria Mkuu wa Kenya. Mwaka huohuo, Heinemann Kenya ilichapisha Lwanda Magere, tamthilia ya kijana Mteso kutoka Busia, Okoiti Omtatah. Miaka 31 baadaye kijana huyo, ambaye hajawahi kuwa wakili, alirithi kiti cha Wako cha useneta wa Busia.

Tamthilia hiyo inastahili wasomaji zaidi ya iliowapata. Mteso kumwandika shujaa wa Waluo si ajabu kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, ambako Wateso wenyewe wamegawika, hawa Busia, wale Tororo, na wanaishi bega kwa bega na Wasamia, Wapadhola na Waluo. Kisa chenyewe ni maarufu: mwili wa Magere ni jiwe, mikuki inadunda. Siku anaugua, mkewe aliyetoka kwa adui anajaribu kumchanja ili ampake dawa, chuma hakipenyi. Anaambiwa achanje kivuli. Anachanja, damu inatoka, na siri imeshavuja.

Lakini nchini Kenya umaarufu wa mwandishi wa tamthilia hugawiwa na orodha ya vitabu teule vya shule za upili. Mtazame Francis Imbuga. Tamthilia yake, Betrayal in the City, ilitoka 1976, ikaiwakilisha Kenya kwenye tamasha la FESTAC mjini Lagos mwaka uliofuata, na miongo mitatu baadaye ikarudi madarasani. Wanafunzi waliozaliwa baada ya enzi ya Moi kupamba moto walimwigiza Mulili na Kiingereza chake kilichovunjikavunjika. Imbuga alifariki 2012. Jina lake lingali midomoni mwa walimu.

Omtatah alijulikana kwa njia ya masjala ya mahakama. Huandika kesi mwenyewe, husimama mwenyewe mbele ya majaji. Julai 2024 Mahakama ya Rufaa ilibatilisha Sheria ya Fedha ya 2023 aliyoipinga pamoja na wenzake. Oktoba Mahakama ya Juu ikautengua uamuzi huo. Wakenya walifuatilia kila hatua. Ni wangapi kati yao wanajua kwamba ameandika tamthilia?

Ng'ambo ya pili ya mpaka, upande wa Uganda, ukiifuata barabara ya kwenda Jinja, utafika Iganga, alikoishi mwandishi Kakwenza Rukirabashaija. Riwaya yake, The Greedy Barbarian, ilitoka 2020, na Aprili akakamatwa na wanajeshi. Mwaka 2021 PEN ya Uingereza ikamtunuku kwa ujasiri wake. Desemba akakamatwa tena kwa maneno aliyoandika mtandaoni kuhusu Rais Museveni na mwanawe Muhoozi, na alisema aliteswa kizuizini. Februari 2022 akakimbia nchi. Agosti mwaka huohuo Busia ikamchagua Omtatah.

Sidhani riwaya hiyo ingevuka mipaka upesi vile bila pingu. Omtatah hata tangazo hilo la bure hakulipata: serikali zilihangaika na hati zake za kesi, tamthilia zake zikaachwa zikusanye vumbi.