Manamba: vibarua wa mkonge na bei ya jasho lao

Neno "manamba" lilizaliwa katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika. Kibarua aliyeandikishwa mbali na kwao alipewa namba, na namba hiyo ndiyo iliyoingizwa daftarini na kuitwa siku ya mshahara. Jina lake halisi lilibaki kijijini.

Mmea wenyewe ulikuwa mgeni. Mwaka 1893 Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyofika hai ni 62 tu, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani, na mashamba ya Tanga yakaanzia hapo. Mkonge ulidai mtaji mkubwa na subira. Mwenye shamba alingoja miaka kadhaa kabla ya kukata jani la kwanza. Jani likishakatwa halikai: lilipaswa kufika upesi kwenye korona, mashine ya kuparua singa, kwa hiyo kila shamba kubwa lilijenga kiwanda chake na reli ndogo ya kusomba matita. Fedha nyingi kiasi hicho zikishazikwa ardhini, mwenye shamba hawezi kuvumilia siku ambayo wakataji hawapo.

Nao hawakuja kwa hiari. Wenyeji wa Usambara na Bonde walikuwa na mashamba yao, na waliweza kupata fedha ya kodi kwa kuuza mazao. Serikali ya Kijerumani ikawaondolea uhuru huo wa kuchagua. Kodi ya kibanda ilianza kutozwa mwishoni mwa karne ya 19, kisha mnamo 1907 wilaya ya Wilhelmstal, Lushoto ya leo, ikaweka utaratibu wa kadi: kila mwanamume afanye kazi kwa mlowezi siku 30 katika kila miezi minne, kwa ujira uliopangwa, la sivyo apelekwe kwenye kazi za serikali. Wengine waliletwa kutoka Unyamwezi na Usukuma.

Waingereza waliirithi hali hiyo. Waliunda Idara ya Kazi mwaka 1926 chini ya Meja Orde-Browne, wakaivunja mwaka 1931 mdororo wa uchumi ulipobana bajeti. Mashambani kilitawala kipande, kadi ya siku 30. Aliyemaliza kipimo chake cha siku alitiwa alama moja. Asiyemaliza alikosa siku hiyo, hata kama alitoka jasho tangu alfajiri. Mshahara ulitolewa kadi ikijaa.

Wenye mashamba walikuwa na nadharia yao: Mwafrika ana haja chache, ukimwongezea ujira atafanya kazi siku chache zaidi. Nadharia hiyo iliwafaa mno kiasi kwamba hawakuwa na sababu ya kuipima. Lakini watu walisafiri wenyewe kwa miguu kutoka Songea, Njombe, Buha, Ruanda-Urundi na Msumbiji kutafuta fedha, na walichagua mashamba yenye sifa njema na kuyakwepa mabaya. Kilichokuwa haba ni watu wa kukubali ujira ule, katika kambi zile.

Vita vya Pili vya Dunia vilikuza haja. Wajapani walipoteka Ufilipino na visiwa vya Indonesia vilivyotawaliwa na Uholanzi mwaka 1942, kamba za meli za Washirika zilitegemea Afrika Mashariki, na serikali ikawakamata watu kwa nguvu kwa ajili ya mashamba. Mwaka 1944 chama cha wakulima wa mkonge kiliunda Silabu, ofisi ya pamoja ya kuandikisha vibarua. Silabu iliwasafirisha watu, ikawalisha njiani na kuwarudisha kwao. Lakini pia iliwafanya wanunuzi wote wa kazi wawe mnunuzi mmoja, na mnunuzi akiwa mmoja hakuna wa kupandisha bei.

Mabadiliko yalitoka kwa wafanyakazi wenyewe. Chama chao kikiongozwa na Victor Mkello, mgomo wa shamba la Mazinde wa mwaka 1958 ulionyesha kwamba manamba wanaweza kusimama pamoja. Baada ya uhuru, sheria ya kima cha chini cha mshahara ya mwaka 1962 ilipandisha gharama ya kazi ghafla. Waajiri walipunguza watu, wakapanga kazi upya, na kila aliyebaki akazalisha zaidi. Mwaka 1964 nchi ilitoa zaidi ya tani 200,000 za singa, kilele chake, kwa vibarua wachache kuliko zamani. Ilidhihirika kwamba ujira mdogo wa miongo mingi ndio uliowafanya wenye mashamba wasihangaike kutumia kazi ya watu kwa busara. Faida ya mabadiliko hayo haikugawanywa sawa, kwani maelfu walipoteza kibarua.

Silabu haikuwa na kazi tena, ikafungwa. Baadaye bei ikaporomoka mbele ya kamba za plastiki, mashamba mengi yakataifishwa kufuatia Azimio la Arusha la 1967, na uzalishaji ukashuka mwaka hadi mwaka. Wengi wa manamba hawakurudi kwao. Wajukuu wa Wamakonde, Wabena na Waha wapo Korogwe na Muheza hadi leo, na tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, mashamba yaliporudi mikononi mwa watu binafsi, baadhi ya wakazi hao wamepewa vipande vya ardhi ndani ya mashamba yale yale, ambako hukata mkonge wao wenyewe na kuupeleka korona.