Faida ya Ziada: Ziada Juu ya Nini?

Maembe yakiiva Lubumbashi, upepo wa mvua huyaangusha, na mtoto huyaokota lupangoni, yaani uani, bila kuukwea mti. Waingereza waliita pato la ghafla kwa jina la tunda lililoangushwa na upepo, na kodi inayotozwa pato hilo ikarithi jina. Wapo wanaoitafsiri “kodi ya bahati”. Tafsiri hiyo naipinga. Mji huu unaishi kwa shaba. Tukikosea neno hapa, tunapoteza fedha.

Sheria ya migodi ya Kongo ya mwaka 2002 ilirekebishwa tarehe 9 Machi 2018, ikaweka kodi maalumu juu ya kile ambacho Kifaransa cha sheria hukiita *profits excédentaires*. Hutozwa bei ya madini inapopanda zaidi ya asilimia 25 juu ya bei iliyoandikwa katika upembuzi yakinifu wa mradi. Tuseme kampuni ilikadiria tani ya shaba kwa dola 6,000. Mpaka ni dola 7,500. Soko la London likifika 10,000, mpaka umevukwa, na faida ya ziada hukatwa asilimia 50 badala ya ile 30 ya kawaida.

Je, ni haki? Fiqhi ya Kiislamu, iliyokipa Kiswahili cha pwani istilahi nyingi, ina kipimo cha kale. Mazao ya kumwagilia hutolewa sehemu moja ya ishirini. Ya mvua, moja ya kumi. Hazina iliyofukuliwa ardhini, yaani rikazi, moja ya tano. Jasho likipungua, fungu la jamii hukua. Bei ikipanda London, hakuna aliyeongeza jasho katika migodi ya Kolwezi, na madini yaliyo ardhini ni mali ya taifa.

Wenye migodi huuliza: bei ikianguka, nani atatufidia? Kobalti ilikuwa karibu dola 95,000 kwa tani mwanzoni mwa 2018; mwaka mmoja baadaye ilikuwa chini ya 35,000. Swali hilo lina uzito. Ndiyo maana sheria inawaachia nafasi ya asilimia 25 kabla ya kodi hii kuanza, na hata baada ya hapo inawaachia nusu ya ziada.

Kwa hiyo nasema “kodi ya faida ya ziada”. Bahati haina kipimo. Mtu huipokea na kushukuru. Ziada humlazimu msikilizaji kuuliza: juu ya nini? Jibu limo katika upembuzi yakinifu, ambao kampuni yenyewe ndiyo huuandaa. Ikikadiria bei ya juu tangu mwanzo, mpaka unapaa na kodi inayeyuka. Mwananchi wa Lubumbashi akilishika neno “ziada”, atajua la kudai: aonyeshwe ile bei ya kwanza.