Tarehe ya kuzaliwa: maana na matumizi yake

TAREHE ya kuzaliwa ni siku, mwezi na mwaka ambao mtu alikuja duniani. Wengi huiadhimisha mara moja kwa mwaka kwa keki na salamu za pongezi. Hata hivyo, nchini Tanzania tarehe hiyo ni ufunguo wa haki nyingi, na ikitofautiana kati ya hati moja na nyingine, anayeumia ni mwenyewe.

Kumbukumbu za zamani

Kabla ya matumizi ya vyeti kuenea, umri ulikumbukwa kwa matukio. Mtu alielezwa kuwa alizaliwa wakati wa Vita vya Maji Maji (1905-1907), mwaka wa Uhuru (1961) au mwaka wa Azimio la Arusha (1967). Majina nayo yalitunza kumbukumbu: Jumanne na Khamisi huashiria siku, Shabani na Ramadhani miezi ya Kiislamu, na Masika msimu wa mvua. Lakini jina halikutaja mwaka.

Hata siku yenyewe yaweza kuleta utata. Kwa hesabu ya Kiislamu, siku mpya huanza jua linapozama. Hivyo mtoto aliyezaliwa Alhamisi saa tatu usiku huhesabiwa kuwa amezaliwa usiku wa Ijumaa, na anaweza kuitwa Juma, ilhali cheti chake kitabeba tarehe ya Alhamisi.

Matumizi ya kila siku

Matumizi ya kwanza huanzia kliniki. Chanjo za mtoto hupangwa kwa kuhesabu tangu alipozaliwa: wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kisha ya surua anapofikisha miezi 9.

Baadaye huja sheria. Katiba ya mwaka 1977 inampa raia haki ya kupiga kura atimizapo miaka 18, kugombea ubunge akiwa na miaka 21 na urais akiwa na miaka 40. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua kuwa mtoto kila aliye chini ya miaka 18; kwa hiyo mbele ya mahakama, tofauti ya siku chache yaweza kubadili namna mtuhumiwa anavyoshughulikiwa.

Namba ya kitambulisho cha Taifa ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Aliyezaliwa Desemba 9, 1961 huanza na 19611209. Kosa likiingia hapo, humfuata mhusika kila anapoonyesha namba hiyo.

Gharama ya kosa huonekana zaidi wakati wa kustaafu, ambao kwa kawaida ni miaka 55 kwa hiari na 60 kwa lazima. Mtumishi aliyeandika mwaka mmoja katika fomu ya ajira na mwingine katika kitambulisho atatakiwa kuthibitisha ulio sahihi, na mafao yake yanaweza kuchelewa.

Kuzuia kosa

Kwa Tanzania Bara, vizazi husajiliwa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA). Mzazi anashauriwa kumsajili mtoto ndani ya siku 90, wakati kumbukumbu za hospitali zingali wazi, na kusoma tarehe iliyoandikwa kabla ya kuondoka dirishani. Kuirekebisha siku hiyo ni kazi ya dakika chache. Miaka 60 baadaye, waliokuwa mashahidi huenda hawapo tena.