Funguo ya Ndai ya Mzae Imepotea? Usivunje Loki, Soma Hii Kwanza

Kama uko Kimumu na kwa boma kuna Peugeot 504 ama Land Rover ya kitambo imekaa miaka juu funguo ilipotea, usikubali mtu akuje na bisibisi na nyundo. Hiyo 504 ilishinda Safari Rally 1975 na 1978, si chuma ya kupimwa kilo. Tena funguo ni kama haijapotea: umbo lake bado liko ndani ya loki.

Habari njema ni hii: ndai za miaka hiyo hazina chipu. Hakuna kompyuta, ni chuma na tupa tu. Fundi wa funguo pale tao Eldoret anaweza kukutoa kwa njia hizi:

1. Namba. Safisha uso wa swichi na loki za milango. Land Rover nyingi za kitambo zimegongwa herufi FS na namba. Hiyo namba inaambia fundi vile meno yanakatwa.

2. Loki ya mlango. Hakuna namba? Fungueni mlango kwa ndani, mtoe loki. Fundi anasoma vile vibati vidogo vya ndani na kuchonga kufuatana navyo. Lakini chunga: ndai zingine zina funguo moja ya milango na ingine ya kuwasha.

3. Kuchonga kwa alama. Fundi anaingiza funguo isiyo na meno, anaizungusha kiasi, anatoa, anaangalia pahali imekwaruzwa, anapiga tupa hapo. Anarudia hadi loki izunguke. Inataka subira, so usimharakishe.

Kama imebaki moja imeisha meno, usiikopi hivyo. Utapata kopi ya ubovu. Tumia namba.

Mambo ya kuchunga:
• Beba kitambulisho na logbook. Fundi asiyeuliza ndai ni ya nani atamchongea pia mwizi.
• Usivute ndai kama stelingi imejifunga.
• Elewana bei kabla kazi ianze, na ujaribu funguo mbele yake.
• Chongesha mbili. Moja ikae na mathe, yeye hapotezangi kitu.