Tusi Halihesabiwi kwa Silabi: Majina ya Uraia katika Kiswahili cha Bujumbura

Utangulizi

Katika gereji moja ya Buyenzi, hapa Bujumbura, yupo fundi ambaye wenzake humwita "Kongo". Hawasemi Mkongo wala Mkongomani. Ni "Kongo, nipe spana ya kumi na tatu", "Kongo, shika hapa", naye huitika bila kuinua kichwa kutoka kwenye injini. Amezaliwa mtaani humohumo. Aliyevuka mpaka kutoka Uvira ni babu yake. Siku moja alikuja mteja kubishania bei ya kazi, na maneno yalipomwishia akamwambia: "Ninyi Wakongomani ndivyo mlivyo." Spana ikasimama mkononi. Aliyejibu ni fundi wa jirani, Mrundi mzaliwa wa Ngozi: "Mzee, huyu ni mtoto wa hapa. Toa hela au toa gari."

Nilikuwa nimekaa hapo nikisubiri gari langu, na tangu siku hiyo swali halijaniacha. Jina fupi liliitikiwa mchana kutwa. Jina kamili, lenye kiambishi chake cha ngeli ya watu na lisilopungua hata silabi moja, ndilo lililojeruhi. Kanuni inayoenea kupitia miongozo ya uandishi wa habari, ambayo mingi iliandikwa kwanza kwa ajili ya wasomaji wa Kiingereza, ingehukumu kinyume chake. Miongozo hiyo inaonya dhidi ya majina ya uraia yaliyokatwa, ikitoa mifano miwili mashuhuri: "Jap" kwa Mjapani na "Paki" kwa Mpakistani. Onyo hilo ni la haki mahali lilipozaliwa. Likifika kwetu hugeuzwa kuwa sheria: jina la taifa likikatwa, ni tusi la kibaguzi.

Katika makala haya ninadai kwamba ufupi wa jina si kipimo cha tusi, wala ukamilifu wake si kinga. Ninapendekeza vipimo viwili. Cha kwanza ni kipimo cha kuficha: je, mwenye jina analazimika kulificha ili apate kazi, nyumba au usalama? Cha pili ni kipimo cha kutupa: je, jina hilo hutupiwa hata mtu asiyehusika nalo, kwa nia ya kumshusha? Jina linalotimiza vipimo vyote viwili limekuwa tusi mahali hapo, liwe na silabi mbili au sita.

Wanafalsafa wa matusi

Kwamba matusi ya kibaguzi huumiza kuliko matusi ya kawaida, hakuna anayebisha, nami sitapoteza nafasi hapo. Ubishi uko kwenye chanzo cha nguvu yake. Christopher Hom (2008) anakiweka chanzo hicho katika asasi za kibaguzi zinazolizunguka neno. Luvell Anderson na Ernie Lepore (2013) wanasema neno huwa tusi kwa sababu limekatazwa. Geoffrey Nunberg (2018) anasema nguvu ya tusi hutokana na kundi ambalo neno hilo ni lake: anayelitamka hujiunga na kundi hilo na kuliacha kando jina la kawaida.

Hoja ya katazo siikubali. Inazaa orodha, na orodha tumeziona. Aprili 2022 Tume ya Taifa ya Uwiano na Utangamano ya Kenya ilitoa orodha ya maneno ya chuki kabla ya uchaguzi, na ndani yake mlikuwa na "madoadoa". Neno hilo halikuanza kuumiza siku lilipoorodheshwa. Lilikuwa limekwisha kuumiza katika Bonde la Ufa kwa miaka mingi, likirushiwa wakazi walioonekana kuwa wageni, huku kamusi ikilieleza kuwa ni alama za rangi juu ya kitu. Nunberg yuko karibu zaidi na ukweli, lakini nadharia yake inahitaji majina mawili: la kawaida, na la matusi linalochaguliwa badala yake. Nitaonyesha kwamba kwetu mara nyingi jina ni moja tu. Lilelile lililoandikwa katika kitambulisho ndilo linalorushwa kama jiwe.

Hoja ya kiambishi

Wapo wanaisimu wa Kibantu wanaoitetea kanuni ya ufupi kwa njia ya ndani zaidi. Wanasema kiambishi m-/wa-, au umu-/aba- cha Kirundi, ndicho kinachomweka mtu katika ngeli ya watu; ukikikata umemvua utu. Hoja hii inavutia, lakini haistahimili ushahidi.

Katiba ya Burundi ya mwaka 2005, iliyotokana na Mkataba wa Arusha wa 28 Agosti 2000, iliandika kwa Kifaransa "Hutu", "Tutsi" na "Twa", mashina matupu, pale ilipogawa viti vya Bunge kwa asilimia 60 na 40 na kuwatengea Batwa viti vitatu. Watu wamebishana sana kuhusu asilimia hizo, ila ubishi haukuwa juu ya viambishi. Kwa upande mwingine, Kirundi kinalo tusi "umutwa", neno kamili lenye kiambishi cha utu, ambalo hutupiwa hata asiye Mtwa akionekana mlafi au asiye na adabu. Ngeli ya watu haikumlinda Mtwa.

Historia ya majina yetu wenyewe inafundisha jambo hilohilo. Nchi hii iliitwa Urundi na mji huu Usumbura, kwa kiambishi u- kilichokuja na Kiswahili cha misafara na cha utawala wa Kijerumani. Uhuru wa 1 Julai 1962 ulikuja na Burundi, na Usumbura ukawa Bujumbura. Kiambishi kilibadilishwa kwa sababu nchi ilipata wenye kuisemea. Aliyedai mabadiliko hayo alidai haki ya kujitaja mwenyewe, na haki hiyo ndiyo inayokosekana kila mahali jina linapogeuka tusi.

Mswahili wa Buyenzi

Ushahidi ninaoutegemea kuliko mwingine wote ni neno "Mswahili" lenyewe, jinsi linavyotumika mjini hapa. Swali la nani ni Mswahili limeandikwa sana kuhusu pwani. Alamin Mazrui na Ibrahim Noor Shariff (1994) walionyesha kwamba kumnyima Mswahili kabila ni kumnyima mahali pa kusimama. Bujumbura imepata nafasi ndogo katika mjadala huo, na huku kwetu ndiko neno lilikoharibikiwa zaidi.

Waliokuja na Kiswahili kwenye ufuko huu wa Ziwa Tanganyika walikuwa wafanyabiashara wa misafara, kisha askari na makarani wa Wajerumani. Wabelgiji walipochukua nchi, waliwakusanya wakazi wa aina hiyo katika vitongoji vilivyozaa Buyenzi na Bwiza. Kisheria maeneo hayo yaliitwa vituo vya nje ya mila, yaani mahali pa watu wasio na chifu, waliotoka katika desturi ya nchi. Wamisionari Wakatoliki nao walikitilia shaka Kiswahili kwa kukiona kuwa lugha ya Uislamu. Basi kabla neno halijawa tusi mdomoni, kitongoji kizima kilikuwa kimekwisha kuandikwa kuwa si cha hapa.

Leo, katika Kirundi cha kila siku, kumwambia mtu "uri umuswahili" ni kumwambia kwamba ni laghai, mjanja wa mjini, mtu wa maneno mengi asiyeaminika. Wanaoambiwa hivyo wengi hawajawahi kuishi Buyenzi. Mkulima wa Kayanza akimpunja mwenzake kwenye mizani ya kahawa ataitwa umuswahili, hata kama hajui kusema "habari gani". Hicho ndicho kipimo cha kutupa: jina limeachana na wenyewe likawa jina la kasoro. Kipimo cha kuficha nacho kipo. Kijana wa Buyenzi akienda kuomba kazi huchagua lafudhi. Nimewasikia wanafunzi wangu wakifuta Kiswahili kinywani wanapopanda ngazi za ofisi, kisha wakikirudia kama wanaovua viatu vya kubana mara wakifika barabarani.

Hapa hakuna kilichofupishwa. Kiambishi kipo, shina lipo. Wala hakuna jina jingine la kawaida ambalo "umuswahili" limelipindua, kama Nunberg angetaka. Hilo ndilo jina pekee ambalo watu hao wanalo, na ndilo wanalotukaniwa.

Mrundi ng'ambo ya mpaka

Msomaji asidhani Warundi tumo upande wa watupaji tu. Baada ya mauaji ya 1972, wakati serikali ilipowaita Wahutu waliouawa "abamenja", yaani wasaliti, makumi ya maelfu walikimbilia Tanzania. Liisa Malkki, katika kitabu chake cha 1995, aliwafuata wakimbizi wa kambi ya Mishamo na wale waliotawanyika mjini Kigoma. Wa kambini walijitaja kwa sauti. Wa mjini walijificha ndani ya majina mengine. Wengi walijiita Waha, kwa kuwa Kiha na Kirundi vinasikilizana. "Mrundi" lilikuwa neno kamili, sahihi, lililomo katika kila atlasi, na mwenye jina hilo hakuweza kulitamka sokoni. Kipimo cha kutupa kilifuata: wabunge wa Kigoma wamelalamika mara nyingi kwamba Waha, raia halali wa Tanzania, huitwa Warundi na kudaiwa wathibitishe uraia wao.

Banyamulenge wa Kivu Kusini walikwenda njia nyingine. Walipoona jina la Wanyarwanda linawafanya wageni katika milima waliyoishi kwa vizazi, walijitwalia jina la mahali, Mulenge. Urefu wa jina jipya haukuwa na maana; jina lilikuwa lao. Halikuwaokoa. Agosti 2004 zaidi ya wakimbizi 150, wengi wao Banyamulenge, waliuawa kambini Gatumba, karibu na mji huu.

Mapingamizi mawili

Pingamizi la kwanza: je, "Paki" si ushahidi kwamba ufupi hutukana? Ninajibu kwamba Kiingereza hichohicho kina "Brit", ambalo Waingereza hujiita wenyewe. Tena wasomaji wa Afrika Mashariki tunajua nani walirushiwa "Paki". Idi Amin alipowapa Waasia wa Uganda siku 90 mwezi Agosti 1972, zaidi ya 27,000 walikwenda Uingereza. Wengi walikuwa Wagujarati na Wapunjabi waliozaliwa Kampala, Jinja na Mbale, ambao hawakuwahi kuiona Pakistan. Neno liliwapata vilevile. Silabi zilizokatwa hazikuwa na kazi hapo. Kazi ilifanywa na kutupa.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Watu walioficha jina la Mtutsi mwaka 1994 nchini Rwanda walilificha ili waishi, na bado "Mtutsi" si tusi. Kweli. Ndiyo maana sitosheki na kipimo kimoja. Jina la anayewindwa ni la hatari, lakini wawindaji walihitaji neno la pili, "inyenzi", yaani mende, ili kumshusha. Jina huwa tusi pale hatari na dharau zinapokaa ndani ya neno lilelile. Sidai kwamba mpaka huo uko wazi kila mara. Katika Kigoma ya baada ya 1972 huenda ulihama kila mwaka.

Hitimisho

Nimejenga hoja juu ya gereji moja, mitaa miwili na fukwe mbili za ziwa, na hali ya Nairobi au Muscat inaweza kudai marekebisho. Hata hivyo ninaamini kwamba orodha ya maneno yaliyokatwa haitamlinda yeyote katika ukanda huu, kwa kuwa majina yanayotuumiza zaidi ni makamilifu.

Kwa wahariri wa redio na magazeti ya Bujumbura nina ombi moja. Mhariri anayefuta "Kongo" katika mazungumzo ya mafundi, kisha akaacha "uswahili" katika kichwa cha habari ya utapeli, amefuta neno lisilo na kosa na kuchapisha lenye kosa. Tuanze na hilo la pili.