Swali la Mpemba, na Maswali Matatu ya Mwisho

Ratiba za matamasha ya sayansi vyuoni zinafanana. Kuna mgeni rasmi, hotuba, kutembelea mabanda, mhadhara wa wazi, halafu mwisho kabisa, kama muda utaruhusu, maswali. Kwa kazi yangu ya uandishi wa habari nimekaa kwenye viti vya plastiki vya mihadhara hiyo mara nyingi, na hotuba huwa zinanitoka kichwani kabla sijafika kituoni. Yanayobaki ni maswali. Na swali maarufu kuliko yote yaliyowahi kuulizwa kwenye mhadhara wa sayansi nchini kwetu liliulizwa na kijana ambaye wenzake walikuwa wameshamcheka siku nyingi kabla hajasimama.

Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu, Shule ya Sekondari Magamba, kule Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: unachemsha maziwa, unachanganya na sukari, unaacha yapoe, ndipo unayaingiza kwenye friji. Nafasi ilikuwa ya kugombea. Mwenzake mmoja akaweka maziwa yake bila hata kuyachemsha, ili awahi. Mpemba akaona akisubiri yapoe atakosa pa kuweka, akatia ya moto hivyo hivyo. Baada ya saa moja na nusu ya kwake yalikuwa yameganda. Ya mwenzake, uji mzito tu.

Akamuuliza mwalimu wa fizikia. Jibu likawa kwamba amechanganya mambo, haiwezekani. Lakini kumbe mjini Tanga rafiki yake mmoja, mtengenezaji na muuzaji wa aiskrimu, alikuwa akifanya hivyo kila siku: anatia mchanganyiko ukiwa wa moto ili ugande haraka. Hapa ndipo kisa hiki kinaponinasa kuliko sehemu nyingine zote. Maarifa yalikuwepo mtaani, yanaingiza hela, na hakuna aliyekuwa ameyaandika.

Alipokwenda Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu, wakafundishwa kanuni ya Newton ya namna vitu vinavyopoa. Akauliza tena. Safari hii mwalimu akamwambia hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya dunia nzima. Darasa likapata neno la kuchezea. Akikosea hesabu, basi hizo ni hisabati za Mpemba. Mchana mmoja akakuta maabara ya baiolojia iko wazi, akachukua bika mbili ndogo, moja maji ya bomba, nyingine ya moto, akaziweka kwenye friji. Baada ya saa moja, ile ya moto ilikuwa na barafu zaidi.

Halafu akaja mgeni. Denis Osborne alikuwa akifundisha fizikia Chuo Kikuu kishiriki cha Dar es Salaam, wakati huo sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na alifika Mkwawa kuzungumza na wanafunzi. Alipomaliza, akaruhusu maswali. Mpemba akasimama: vyombo viwili vinavyolingana, maji yanayolingana, kimoja nyuzi 35 na kingine nyuzi 100, ukiviweka kwenye friji, kile cha nyuzi 100 kinaganda kwanza. Kwa nini?

Osborne akatabasamu, akaomba swali lirudiwe. Akauliza kama ni kweli kajaribu mwenyewe. Akakiri kwamba hajui, akaahidi kulipima atakaporudi Dar es Salaam. Wenzake Mpemba waliona kawaaibisha mbele ya mgeni.

Osborne alitimiza ahadi. Fundi wake wa maabara alileta taarifa kwamba maji ya moto yameganda kwanza, akaongeza kwamba wataendelea kurudia jaribio hadi wapate jibu sahihi. Nacheka kila nikikumbuka, ingawa fundi yule hakuwa mjinga. Alifundishwa kama sisi sote kwamba jibu linatangulia jaribio. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha makala pamoja kwenye jarida la Physics Education. Wakati huo Mpemba alikuwa Chuo cha Mweka, Moshi, akisomea wanyamapori, kazi aliyokuja kuifanya serikalini.

Jambo lenyewe halijatulia hadi leo. Aristotle aliwahi kuligusa, Bacon na Descartes pia. Mwaka 2012 Chama cha Kifalme cha Kemia cha Uingereza kilitangaza zawadi ya pauni 1,000 kwa maelezo bora, yakaja majibu zaidi ya 22,000. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden wakaandika kwamba katika vipimo vyao hawakuona ushahidi wa kutosha kuwa jambo hilo lipo. Sawa. Mimi hainisumbui kama Mpemba atakuja kushindwa. Swali lake limewapa watu kazi kwa zaidi ya nusu karne.

Nayaandika haya nikiwa Mkuza, Kibaha. Hapa jirani ndipo kwenye Shirika la Elimu Kibaha, lililoanza mwaka huohuo wa 1963 kama mradi wa Tanganyika na nchi za Nordic, likakabidhiwa kwa Tanzania mwaka 1970. Watu wengi wanaikumbuka sekondari yake tu, wakati mpango ule ulikuwa pia na kituo cha afya na kituo cha kuwafundisha wakulima. Mkulima alihesabika kuwa mtu wa kukaa na mtaalamu na kuulizana.

Sasa, si zamani sana nilimpeleka mpwa wangu kwenye tamasha la chuo kimoja hapa nchini. Mabanda mazuri, roboti inatembea, watoto wamejaa. Ulipofika muda wa maswali baada ya mhadhara, mshereheshaji akatangaza, "Kutokana na ufinyu wa muda, tutachukua maswali matatu tu." Mawili wakapewa walioketi mbele, na la tatu halikuwa swali, lilikuwa shukrani ndefu. Mpwa wangu alishusha mkono.

"Ulitaka kuuliza nini?" nikamwuliza kwenye daladala.

"Mjomba, kwa nini mama wa barafu anasubiri ukwaju upoe ndiyo auweke kwenye friza?"

Tuliposhuka Mkuza tukaenda kumuuliza mwenyewe. Alikuwa anafunga vifuko. Alimsikiliza mtoto hadi mwisho, nikamsimulia na habari ya Mpemba, akafikiri kidogo.

"Inawezekana," akasema. "Leta hela ya LUKU, tujaribu."